Ampea Tano za Darasa la Tisa

Jumanne, 21 Desemba

Leo zimeingia siku arobaini za baridi. Mama mkwe wangu, Hajja Badriya, huzihesabu kila mwaka, na asubuhi amenitangazia akiwa amesimama mlangoni na soksi mbili kila mguu, kana kwamba bila yeye baridi isingejua njia ya kuja Tripoli. "Nuhad, siku ya kwanza hii. Toa blanketi la sufu." Nimelitoa bila kubishana. Ubishi wangu wote nimeumaliza shuleni.

Paa la jengo la shule limeingia maji. Bi Hiyam, mwalimu mkuu, ametukusanya kwenye baraza na makoti yetu akatuambia jengo limefungwa mpaka Machi. Baada ya likizo kila mwalimu atafundisha kwa intaneti akiwa kwake, na kila mmoja ajitafutie vifaa. Halafu akafunua makucha. "Alhamisi ya tarehe 27 Januari nitaingia kwenye vipindi vyenu, mimi na wazazi. Kabla ya hapo, kipindi kikikatika mara tatu, sitasubiri ukaguzi. Darasa linakwenda kwa Anis."

Anis ni kijana wa mji mkuu, Beiruti. Anafundisha hesabu kwa video alizorekodi mara moja, anazituma kwenye shule tatu, na sijawahi kumsikia akitaja jina la mtoto hata mmoja. Darasa lenyewe ni langu, la tisa, watoto kumi na tisa wenye mtihani wa serikali mwezi wa Juni. Niko nao tangu la saba. Najua nani anasema "nimeelewa" kwa sababu ameelewa na nani kwa sababu ana njaa. Miaka thelathini na moja nafundisha, leo nipimwe kwa waya!

Nimenunua daftari hili njiani. Haya nisipoyaandika, nitayatamka mbele za watu.

Jumatano, 22 Desemba

Nimempigia dada yangu Maysun, anayefundisha Doha. Amenitumia orodha: kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa, taa mbili za duara za kumulika uso, kamera ya kusimama, na maikrofoni ya kichwa kikubwa kama ya mtangazaji wa redio. "Usijidhalilishe, dada. Mwalimu ni sura."

Nina akiba niliyoiweka ya kutengeneza jino. Basi jino lisubiri, nitatafunia upande wa pili.

Alhamisi, 23 Desemba

Duka la kompyuta la Rabii limejaa watu kama duka la peremende siku ya Idi. Nimempa orodha. Ameisoma, akanitazama, halafu akaniuliza mbele ya kila mtu: "Mwalimu, nyumbani una ampea ngapi?"

Ala! Hilo ni swali la kumuuliza mwanamke mbele za watu? Ampea za jenereta la mtaa, kipimo cha umeme tunaolipia kila mwezi, ni siri ya nyumba. Ukitaja ngapi unalipia, umekwisha taja unakula nini na unalala vipi. Na nyuma yangu alikuwa amesimama karani wa shule, masikio yamemsimama kama sungura.

Nina tano. Nikasema, "Kumi."

"Basi hakuna neno," akasema Rabii, akaanza kunifungia mzigo.

Ijumaa, 24 Desemba

Lifti imekufa. Orofa tatu, safari nne, maboksi matano.

Jumapili, 26 Desemba

Nimeunganisha kila kitu sebuleni. Nikawasha taa za duara, nikajiona kiooni: loo, nang'aa kama bibi harusi wa miaka hamsini na sita! Nikakaa vizuri, nikasema "Habari za asubuhi, darasa la tisa," na hapo hapo chumbani mama mkwe akawasha hita yake.

Giza.

"Nuhad! Umetuzima!"

Swichi yetu iko chini, kwenye boksi la jenereta langoni. Inajikata ukizidisha ampea zako, na hakuna wa kuipandisha ila wewe mwenyewe kwa miguu yako. Nikashuka orofa tatu. Nikapanda orofa tatu. Nikawasha kompyuta. Jokofu nalo likaamka. Giza tena.

"Nuhad!"

"Nimesikia, Mama!"

Mara nne leo. Magoti yangu yanalia.

Jumatano, 29 Desemba

Giza mara tatu. Mama mkwe anasema hita ndiyo iliyotangulia nyumbani humu. Nimemwambia na mimi nilitangulia. Amesema yeye alinitangulia mimi.

Jumamosi, 1 Januari

Mvua. Tumekula dengu na wali, hatukusemezana.

Jumatatu, 3 Januari

Kipindi ni saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Nilichomoa jokofu. Nilimwomba mama mkwe azime hita, akaizima, akakaa na koti lake la kwendea mazikoni ili nione vizuri dhuluma ninayomfanyia.

Saa moja ya kwanza ilikwenda vizuri. Watoto walisema, "Mwalimu, umependeza," wakacheka, tukaingia kwenye milinganyo miwili yenye namba mbili zisizojulikana. Saa nne kamili jenereta likazimika. Lilizimika kwa sababu kila siku huzimika saa nne, likapumzika mpaka saa sita, na mimi nalijua hilo kama ninavyojua jina langu! Maysun hana saa nne huko Doha. Mimi ninayo kila siku ya Mungu, na bado nikaifuata orodha yake.

Kioo kikafa, taa zikafa, ruta ikafa. Nikabaki nimeshika kalamu hewani peke yangu.

Saa sita na robo umeme uliporudi nikakuta ujumbe wa Bi Hiyam, neno moja tu: "Moja."

Jumanne, 4 Januari

Nilisema nitafundisha saa moja tu, nimalize kabla ya saa nne. Saa tatu na nusu umeme wa serikali ukaja. Mtu angeshangilia. Lakini ukija wa serikali jenereta linazimwa, na kati ya huu na ule pana sekunde kumi za giza. Sekunde kumi tu, ila kompyuta ya mezani ikizimika inaanza kuamka kama mzee wa msikitini, na ruta nayo inatafuta intaneti dakika nne nzima. Niliporudi nilimkuta Khudr peke yake, mtoto mpole kuliko wote, amekaa anatazama kioo cheusi. "Wenzangu wamesema umeondoka, Mwalimu. Mimi nikasema labda utarudi."

Nilitaka kulia. Nikamwambia kazi ya nyumbani ni ukurasa wa arobaini na mbili.

Ujumbe: "Mbili."

Jumatano, 5 Januari

Leo nimefanya ubaya, na nitauandika kama ulivyo.

Bi Hiyam ameniahirishia kipindi cha leo hadi Ijumaa, baada ya kumwomba kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kwa hasira nikaingia chumbani kwa mama mkwe nikachomoa hita yake ukutani bila kusema neno, nikaenda kuificha jikoni. Ana miaka sabini na tisa. Nje kunanyesha mvua ya mawe. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Alivuta blanketi la sufu mpaka kidevuni akasema, "Watoto wa watu wasome, mwanangu. Mimi nimeshasoma baridi nyingi."

Nikairudisha. Nikashuka chini moja kwa moja kwa Abu Dirgham, mwenye jenereta la mtaa.

Huyu mtu nimemtukana kimoyomoyo miaka mitatu. Nilimwona mnyonyaji, na tumbo lake nilikuwa nikisema limejaa dizeli yetu. Nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya ile mashine, mikono myeusi, anatia chumvi kwenye yai la kuchemsha.

"Abu Dirgham, niongezee ampea tano."

"Sina, Mwalimu."

"Kwa wengine unazo."

"Mashine imejaa. Nikikupa wewe kumi, nimnyime nani? Mwoka mikate? Au Umm Salah na mashine yake ya kupumulia?" Akanisogezea kigoda. "Kaa. Umenunua nini?"

Nikamtajia. Kila nilichotaja alifunga jicho moja, kama mtu anayeng'olewa ndevu. Nilipofika kwenye taa za duara alifunga yote mawili.

"Nani kakuuzia?"

"Rabii."

"Rabii si mjinga. Hakukuuliza ampea?"

Mvua ikapiga bati. "Aliniuliza," nikasema. "Nilimwambia kumi."

Ah! Mtu huyu alicheka mpaka yai likamtoka mkononi. Alicheka akakohoa, akashika ukuta. Nilikuwa nainuka niondoke aliponishika mkono wa koti. "Usikasirike, wallahi. Mke wangu anawaambia ndugu zake tuna thelathini. Mke wangu, na mashine ni yangu!" Akafuta machozi. "Nisikilize sasa. Wewe huna shida ya ampea. Una shida ya sekunde kumi na ya saa nne. Umenunua vitu visivyo na pumzi yao. Nikizima mimi, navyo vinakufa. Nunua vitu vyenye pumzi yake kifuani, hata mimi nikifa leo vyenyewe viendelee."

Miaka mitatu nilimwita mwizi mtu huyu, na leo amenifundisha bure jambo ambalo dada yangu mwenye digrii mbili hakuniambia.

Alhamisi, 6 Januari

Sikukuu, lakini Rabii amefungua. Nimesubiri watu watoke. Halafu nikaona hapana, uongo niliusema mbele za watu. Alipoingia mama mmoja na watoto wake nikasema kwa sauti: "Rabii, nina ampea tano. Nilisema kumi kwa kujikweza. Nisaidie."

Yule mama akasema, "Sisi tuna mbili na nusu, dada," akaendelea kuchagua chaja.

Rabii amekubali kurudishiwa kila kitu. Amenikalisha, akaniuliza maswali kama daktari. Unafundisha nini? Hesabu. Saa ngapi? Umeme unakwenda saa ngapi? Halafu akauliza: "Mwalimu, watoto wakisoma hesabu wanahitaji kuona uso wako au mkono wako?"

Nimefundisha miaka thelathini na moja nikiwa nimewageuzia mgongo, naandika ubaoni. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba haoni sura yangu.

"Mkono," nikasema.

"Basi taa za uso za nini?"

Nimetoka na mfuko mmoja. Kompyuta mpakato ya mtumba, kifuniko kina mkwaruzo, lakini betri ni mpya, inakaa muda wa saa nne. Kisanduku cha betri cha ruta, ukubwa wa mche wa sabuni: kinakaa kati ya ruta na plagi, umeme ukikatika ruta haijui. Visikizio vyenye kijiti cha maikrofoni kinachokaa mdomoni, visichukue kelele za mtaa. Na mkono niliokuja nao nitauonyesha kwa simu yangu, ikining'inia juu ya karatasi. Taa? Rabii amesema nikae dirishani.

Orofa tatu, safari moja.

Ijumaa, 7 Januari

Saa nne jenereta limezimika. Nilishika meza kwa mikono miwili. Ruta ikaendelea kumetameta kijani. Mpakato ukaendelea. Lamar, binti mwenye mdomo, akauliza, "Mwalimu, mbona umefumba macho?"

Sikukatika. Nimeimba jikoni.

Jumatatu, 10 Januari

Intaneti iko sawa, simu ndiyo inayoniaibisha. Nimeiegemeza juu ya mitungi miwili ya achari za matango, inaanguka. Leo imetumbukia. Watoto kumi na tisa wameona ulimwengu kutoka ndani ya mtungi wa achari, wakacheka mpaka kipindi kikaharibika. Haikuhesabiwa kukatika, ila darasa gani hilo?

Jumanne, 11 Januari

Asubuhi nimekuta tundu la chiriku juu ya meza ya jikoni, na ndege mwenyewe amenuna. Chiriku huyu alikuwa wa marehemu baba mkwe. Tundu lake huning'inia kwenye nguzo ya chuma yenye shingo iliyopinda, kwenye kona ile ile, na mama mkwe haruhusu mtu kuisogeza hata wakati wa kupiga deki.

Nguzo ilikuwa sebuleni, imesimama juu ya karatasi zangu. Kwenye ndoano yake mama mkwe alikuwa amefunga utepe wa kushonea, kitanzi cha ukubwa wa simu hasa.

"Mama, hii ni ya Hajj."

"Hajj hana haja nayo, na ndege anajua kukaa mezani." Akakaa kwenye kiti chake. "Halafu yule mtoto, Khudr. Jana alipokwambia ameelewa, alikuwa hajaelewa. Ndiyo ile ilikuwa ya woga."

Kumbe anasikiliza! Kila siku, nyuma ya mlango, na hita imezimwa ili isimzibe masikio. Amenieleza kwamba walimtoa shule akiwa darasa la tano, siku waliyokuwa wanaanza hesabu za sehemu, na miaka sitini na tisa amekaa na nusu na robo bila kujua mwenzake wa robo anaitwa nani.

Tumekaa saa nzima na karatasi. Nimemwonyesha thumni, nusu ya robo. "Hii tu?" akasema. "Na mimi nilidhani ni kitu kikubwa."

Mpakato unakula umeme kidogo mno, hata nusu ampea haufiki. Nimemwashia hita mwenyewe, na jokofu likaguna, na hakuna kilichozimika.

Alhamisi, 13 Januari

Upepo. Kipindi kizuri.

Jumatatu, 17 Januari

Nilimwomba Lamar apige picha ya kile anachokiona nikiandika, anitumie. Nimestuka. Wengi wanasoma kwa simu za mama zao, na mwandiko wangu mzuri wote huonekana kama sisimizi waliomwagiwa sukari. Wiki mbili wamekaa kimya kwa heshima! Khudr alikuwa anakisia namba kwa kusikiliza sauti yangu.

Nimenunua kalamu nene nyeusi. Mlinganyo mmoja, karatasi moja. Khudr leo ameuliza swali, la kwanza tangu Septemba.

Jumatano, 19 Januari

Theluji imeshuka mpaka vilima vya karibu. Maysun amepiga simu, kwake wamekatikiwa umeme dakika tano na kila mtu alichanganyikiwa. Nimempa pole kwa uchungu mkubwa.

Jumatatu, 24 Januari

Tumefanya majaribio, mimi na mama mkwe. Nimechomoa kila kitu ukutani, yeye ameshika saa ya Hajj. Kisanduku cha ruta kimekaa muda wa saa tatu na dakika kumi. Amenisomea matokeo kwa sauti ya jaji. Halafu akauliza: "Na intaneti yenyewe ikikatika huko inakotoka?"

"Haitakatika, Mama."

"Hm," akasema.

Jumatano, 26 Januari

Dhoruba imetangazwa. Nimemkuta Abu Dirgham akifunga turubai juu ya mashine. "Kesho siahidi kitu, Mwalimu. Maji yakiingia humu, basi." Kisha akaniangalia. "Lakini wewe una pumzi yako."

Nimejilazimisha kula.

Alhamisi, 27 Januari

Nimetulia sasa, naweza kuandika.

Saa tatu kasoro dakika tano walikuwa ndani: watoto kumi na tisa, wazazi wanne, Bi Hiyam ofisini kwake nyumbani na rafu ya vitabu nyuma yake, na Anis naye, amealikwa "ili ajionee darasa". Darasa lake mtarajiwa! Alikuwa na taa za duara, nilizitambua kwa vile viduara viwili machoni mwake. Bi Hiyam akasema, "Tunakusikiliza, Mwalimu Nuhad," na akainua kalamu.

Nikaanza. Niliwapa kisa: muuza machungwa na muuza ndimu, mafungu mawili, bei hazijulikani, tafuta zote mbili. Mkono wangu ukaandika kubwa, kalamu nene, karatasi moja kwa mlinganyo. Radi ikapiga upande wa bahari. Sikuinua kichwa.

Saa tatu na robo ikapiga nyingine juu ya paa letu hasa, na pale chini jenereta likatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, kama ng'ombe anayekabwa, likanyamaza. Mtaa mzima ukanyamaza. Dirishani niliona giza likiruka jengo hadi jengo.

Nikatazama kioo. Mraba wa Bi Hiyam ukaganda, kisha ukatoweka na rafu yake. Anis akatoweka na taa zake. Wazazi wawili wakaenda. Watoto walipungua wawili, akarudi mmoja, wakarudi wote. Wale wana simu tu, na simu zina betri. Ruta yangu ilikuwa kijani.

"Mwalimu, tuendelee?" akauliza Lamar.

"Nani kakwambia tumesimama?"

Tukaendelea. Saa nne ikapita, saa nne niliyokuwa naiogopa kama mwaka wa njaa, ikapita bila kupiga hodi. Tulikuwa tunaondoa herufi moja tubaki na nyingine. Saa nne na dakika ishirini taa ya ruta ikageuka nyekundu. Kisanduku kilikuwa na pumzi tele, ila intaneti yenyewe ilikuwa imekatika huko inakotoka.

Simu yangu ilikuwa juu ya nguzo ikishika picha, nayo haikuwa na bando. Ningeomba kwa nani? Nikasema basi, hii ndiyo ya tatu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, ndani ya koti lake la mazikoni, akatia mkono kifuani akatoa simu yake ndogo, ya moto kama mkate. "Abu Dirgham kaniwekea bando juzi, kaniwekea na ile alama ya kugawa intaneti. Unganisha, acha kunikodolea macho!"

Niliunganisha. Sekunde nane, mama mkwe alizihesabu. Picha iliporudi, sikukuta maswali wala vilio. Nilikuta sauti ya Khudr. Khudr wa ndiyo ya woga, anawasomea wenzake: "Kwa hiyo, tukitoa mstari wa pili kwenye wa kwanza, ndimu zinakwisha, yanabaki machungwa matatu, na jumla ni kumi na tano, chungwa moja ni tano. Halafu tunarudi kwa ndimu."

"Endelea," nikasema.

"Mwalimu, tulikuwa tunakushikia nafasi tu."

"Endelea wewe, Khudr. Mimi naandika."

Akasema, nikaandika. Mkono wangu ulikuwa ukifuata kichwa cha mtoto yule hatua kwa hatua mpaka jibu la mwisho. Wenzake wakampigia makofi kumi na nane yaliyopishana, kila moja limechelewa kivyake. Mwanamume mmoja kati ya wazazi wawili waliobaki akasema polepole, "Huyo ni mwanangu," kisha akazima kamera.

Saa tano kasoro dakika saba mraba ukawaka. Bi Hiyam, nywele zimelowa, ameketi garini mwake anachaji simu. "Haloo? Haloo! Mwalimu Nuhad? Mmekatikia wapi?"

Lamar, Mungu amlinde na mdomo wake: "Sisi hatujakatika, Bi Mkuu. Ni wewe."

Nilitazama karatasi yangu kwa bidii kubwa. Kando yangu koti la mazikoni lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

Ijumaa, 28 Januari

Nimelala muda wa saa kumi na moja.

Jumatatu, 31 Januari

Siku arobaini zimekwisha, na jua limetoka. Bi Hiyam amekuja nyumbani, amepanda orofa tatu kwa miguu, amefika anahema. Mama mkwe ndiye aliyempokea, na kabla sijavua aproni alikuwa ameshamzungusha sebule nzima akimsomesha. "Hiki kinaipa ruta pumzi. Huu mpakato una betri yake. Hii nguzo ni kwa ajili ya mkono. Wanafunzi hawahitaji uso, Nuhad uso wake wanaujua. Na kalamu lazima nene. Umeandika?" Bi Hiyam alikuwa anaandika.

Tukaketi. Nikaleta kahawa. Akaiweka mezani mbele yake, hakuigusa. Kila mtu kwetu anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka haja yake ikubaliwe.

"Walimu wenzako kumi na wawili wamekatikakatika," akasema. "Wazazi wamenipigia, na baba yake Khudr amenipigia mara mbili. Naomba waje hapa, uwaonyeshe wanunue nini na wasinunue nini. Sinywi kahawa hii mpaka ukubali."

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Mama mkwe akaniwekea mkono gotini.

"Basi itapoa," akamwambia Bi Hiyam kwa upole. "Maana na sisi tuna letu."

Bi Hiyam akamtazama, akanitazama. Akafungua mkoba, akatoa ratiba ya muhula. Kwenye mstari wa darasa la tisa, hesabu, jina la Anis lilikuwa limekwisha andikwa, kwa wino. Tangu Desemba, naona. Alilikata kwa mstari mmoja, akaandika langu juu yake, na mbele yake akaongeza: mpaka mtihani wa Juni.

Mama mkwe akavaa miwani, akaivuta ratiba, akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno.

"Sawa," akasema. "Kunywa sasa."

Akainywa imepoa, yote, mpaka machicha.